Mpapai Dume wa Nyahanga

Habari kwamba Luhende amefariki ilinikuta sokoni Shinyanga, nachagua nyanya, na nilimaliza kuzichagua. Binti yangu aliposikia najiandaa kwenda Kahama kuzika, aliniuliza kwa ile sauti anayoitumia kwa wagonjwa wake kama nina hakika na ninachokifanya. "Mama, huyo si ndiye aliyekurudisha kwenu?" Nikamwambia ndiye. "Sasa unakwenda kumlilia nini?" Yeye ndiye mtu wa mwisho ambaye ningeweza kumjibu swali hilo, maana alizaliwa kabla viatu nilivyoondoka navyo Nyahanga, kwa akina Luhende, havijachakaa. Baba yake, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, na kumpata mtoto huyu hakukutugharimu dawa wala machozi. Nilimwambia tu kwamba msiba ni msiba. Nikakunja khanga mbili, nikazitia mkobani, nikapanda basi la asubuhi. Tulipoiacha Shinyanga nilikuwa nimeshaanza kulia, na abiria wa jirani yangu akanisogezea chupa yake ya maji bila kuuliza chochote.

Watu hudhani mwalimu mstaafu anakumbuka wanafunzi. Mimi, ukiniamsha usingizini ukaniuliza nilifundisha nani, nitakutajia watatu wanne, tena watundu. Ninachokikumbuka vizuri ni mwaka mmoja wa ndoa yangu ya kwanza, jiko la mama mkwe wangu, na mipapai mitatu iliyokuwa kati ya jiko hilo na choo. Jiko lilikuwa kibanda cha matofali mabichi, jeusi kwa moshi mpaka kwenye dari, na ndani yake mlikuwa na kigoda kimoja tu ambacho hakuna aliyekikalia isipokuwa mwenyewe, Mama Luhende. Mimi nilikaa juu ya debe lililopinduliwa. Hapo ndipo aliponiambia, mvua za kwanza zikinyesha, huku akinipakulia michembe, viazi vitamu vikavu vilivyopikwa na karanga. "Mwalimu, wazee wa ukoo wamekaa. Wamesema mvua hizi na mavuno yake, mpaka mvua nyingine zianze. Kama hakuna kitu watamwita baba yako, waongee habari ya kurudisha ng'ombe wa mahari." Kitu, maana yake mimba. Nikamuuliza Luhende mwenyewe anasemaje. "Luhende ni mtoto wetu," akasema, akaniongezea karanga. Hakuwa mwanamke mbaya, na hilo ndilo lililoniumiza kuliko kama angekuwa mbaya. Alinipenda, alijivunia mbele ya majirani kwamba mkwe wake anafundisha baiolojia sekondari, na alikuwa amenipa mwaka mmoja.

Mipapai miwili kati ya ile mitatu ilikuwa inazaa. Wa tatu ulikuwa mrefu kuliko yote, na ulichokuwa nacho ni maua tu, madogo meupe, yananing'inia kwenye vikonyo virefu kama shanga za kiunoni. Haukuwahi kutoa papai hata la kumdanganyia mtoto. Shangazi yake Luhende, shangazi Minza, ambaye alikuja kila alipoishiwa maneno kwake, alimshauri Mama Luhende aupigilie msumari. Hiyo ni dawa inayojulikana kwetu: mpapai usiozaa unapigwa msumari shinani, unashtuka, unaanza kuzaa. Basi Jumapili moja, tumetoka kanisani, Mama Luhende alichukua nyundo akaupigilia msumari wa bati, tena akiwa bado na kitambaa chake cha kwaya kichwani. Wiki hiyo hiyo walinipeleka kwa mganga upande wa Geita, nikarudi na unga wa mizizi wa kutia kwenye uji kila asubuhi. Nilikunywa, nikatapika, nikanywa tena. Nilikuwa na shahada ya sayansi na nilikuwa nakunywa mizizi, na kama angeniambia nami nipigwe msumari ningesema sawa.

Kuhusu mpapai nilijaribu kuwaelimisha. "Mama, huu ni dume," nilimwambia. "Huu hauzai, unazalisha. Maua yake yana ungaunga, tunauita chavua. Upepo na nondo ndio wanaoupeleka kwa hiyo miwili, ndipo inashika mimba." Shangazi Minza alicheka mpaka akashika ubavu. "Kumbe ngosha huyu ana wake wawili, na kazi yake ni kusimama tu." Ngosha kwa Kisukuma ni mwanamume. Mama Luhende naye alicheka. "Mapapai tunakula siku zote, Mwalimu," akasema, "wala hatujawahi kuuliza baba yao." Baadaye, nikiwa chumbani nasahihisha madaftari, nikawasikia jikoni wakiongea Kisukuma, na walijua kabisa kwamba Kisukuma ni lugha yangu pia. Shangazi alikuwa anasema kwamba wanawake waliosoma sana damu yao inapanda kichwani, tumboni hakubaki kitu. Mama Luhende hakumuunga mkono. Wala hakumkatalia.

Nilikwenda hospitali peke yangu, nikamwambia mama mkwe kwamba nina kikao cha walimu. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole, aliyenipima kila anachoweza kupima na mwisho akasema kwangu haoni tatizo. Kisha akauliza mume wangu anafanya kazi gani. Nikasema ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo, kule Bulyanhulu. "Anaichoma mwenyewe? Na zebaki?" Nikasema ndiyo. "Siwezi kusema lolote kabla sijampima," akasema. "Mlete." Alitamka neno hilo moja kana kwamba ni jambo la kumshika mtu mkono na kumvusha barabara. Nilitoka pale nikiwa na furaha na hofu kwa pamoja, na kabla sijafika kituo cha basi furaha ilikuwa imeisha.

Shule zilipofungwa nilimfuata Luhende Bulyanhulu. Alikuwa na chumba cha mabati, kitanda cha kamba, jiko la mkaa na meza moja. Nilimwona akifanya kazi yake: anaikamua ile zebaki yenye dhahabu ndani ya kitambaa kwa vidole vitupu, anaiweka kwenye kijiko cha chuma juu ya mkaa, moshi mweupe unapanda, yeye ameinama juu yake anapuliza, mpaka inabaki punje ya njano. Alifurahi kuniona kama mtoto. Alinipikia mwenyewe ugali wa muhogo na sato, akanitolea miiba, na nje ya ukuta wa bati nikawasikia wachimbaji wakisema, "Ngosha leo kaletewa dozi." Luhende akacheka, akanikonyeza. Nilisubiri ale ashibe ndipo nimwambie, kisha sikuweza kusubiri. "Daktari anataka kukuona na wewe." Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mimi? Wa nini?" Nilipoeleza alikata tonge la ugali, akalichovya, akalirudisha kwenye sahani. Tulilala tumegeukiana migongo kwenye kitanda ambacho hakikuwa na nafasi ya kugeukiana migongo. Asubuhi akasema atakuja, akimaliza mzigo alionao.

Hakuja, wala mwezi uliofuata hakuja. Nilianza kufanya mambo ya mtu anayezama. Nilifunga na kuomba, niliruka kamba usiku na asubuhi kwa sababu mwalimu mwenzangu aliniambia inasaidia, nililala miguu nikiiweka ukutani mpaka ikafa ganzi. Kila mwezi siku zangu zilipokuja nilifua nguo zangu kule bafuni kwa maji machache ili Mama Luhende asisikie, naye kila mara alijua, maana siku hizo alinisalimia kwa sauti ndogo. Darasani nilikuwa nimefikia mada ya maua. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, lakini mimi nilifunga mlango nikawafundisha kwa Kiswahili ili waelewe: hii ni stameni, upande wa kiume, hii ni pistili, upande wa kike, huku chini ni ovari, na ndani ya ovari yai linasubiri. Msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, chavua isipokuja?" Nikawaambia wachore mchoro, nikatoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji mpaka kengele ikalia.

Luhende alipokuja hatimaye, nilifanya kitu ambacho nadhani ni mwalimu wa baiolojia pekee anayeweza kukifanya. Jumamosi nilimchukua nikampeleka maabara. Nilikuwa nimechuma maua ya ule mpapai wetu wenye msumari. Nilikung'uta chavua kwenye kioo chembamba, nikadondoshea maji ya sukari, nikafunika, nikaweka chini ya hadubini yetu moja, iliyomulikwa na jua la dirishani. "Tusubiri," nikamwambia. Tulikaa juu ya meza ya maabara kama wanafunzi, tukala chapati na soda, akaniambia vituko vya Bulyanhulu, nikacheka kweli. Kwa muda ule mfupi nilisahau kilichotupeleka. Kisha nikamwambia aangalie. Chembe zilikuwa zimeanza kuota: kila moja inatoa mrija mwembamba unaotambaa ndani ya maji. Nikamweleza kwamba chembe moja ya chavua ina seli mbili. Moja kazi yake ni kuotesha huo mrija, itoboe njia mpaka ndani kabisa ya ua. Nyingine inagawanyika zinakuwa mbegu mbili za kiume, zinapita kwenye njia hiyo. Moja inakutana na yai, ndiye mtoto, na ya pili inakutana na kiini cha katikati, ndicho chakula cha mtoto. Alifurahi mno. "Yaani baba analeta mtoto na posho yake," akasema, jicho bado liko kwenye hadubini.

Akakisogeza kioo kidogo kwa kidole. "Hizi mbona hazijaota?" Nikaangalia. Zilikuwapo chembe chache pembeni zimelala tu, zimekunjamana. Nikamwambia hizo ni tupu, ni ganda, ndani hamna kitu. Kila ua huwa nazo kidogo. Akaangalia tena, muda mrefu. "Na ua linajuaje kwamba zilizokuja kwake ni tupu?" Nilitamani kusema uongo. "Halijui," nikasema. "Linasubiri. Siku zikipita linaanguka." Aliinuka kwenye hadubini, akafuta vidole vyake kwenye suruali, vidole vile vilivyokamua zebaki tangu ujana wake. Aliniambia atakwenda hospitali, nisimwambie mtu, na nisimsindikize. Nilimshukuru. Nilimshika mikono yote miwili nikamshukuru kama mtu aliyeniokoa, na wiki iliyofuata aliondoka. Aliporudi, kila nilipofungua mdomo kuuliza alikumbuka kitu alichosahau nje.

Kwenye kiangazi nilirudi kutoka shule nikakuta ule mpapai chini. Mama Luhende alikuwa ameuchoka, na shangazi Minza alikuwapo kushuhudia. Msumari wake uling'aa pale kwenye kisiki, na maua yalikuwa bado mabichi, yametapakaa mpaka mlangoni kwa choo. "Unakula mbolea bure," mama mkwe aliniambia bila kuniangalia. "Wala kuni haufai." Nilikaa chini kwenye vumbi na nguo zangu za kazi. Sikulia kwa sababu ya mti, ingawa ndivyo shangazi alivyowaambia watu, kwamba mkwe wao analilia mpapai. Nililia kwa sababu nilijua miti yote mitatu ilikuwa mizima, na bado mmoja ulikuwa umekatwa. Nyahanga mtaa mzima walikuwa na desturi hiyo, mpapai usiozaa unaangushwa, na nadhani wetu ndio uliokuwa umebaki ukiwahudumia wote.

Basi mapapai yakaanza kuanguka. Ile miwili iliendelea kutoa maua, maua yakatoa vipapai vya ukubwa wa kidole gumba, vikageuka njano, vikaanguka. Majirani nao wakaanza kulalamika uani kwao, wengine wakisema ni jua, wengine wakisema ni moshi wa mashine za kusaga mawe. Mama Luhende alivifagia kila asubuhi. Asubuhi moja nikiwa natoka kwenda shule nilimwona ameacha ufagio, amechuchumaa, amepasua kimoja kwa kucha. Ndani kilikuwa cheupe tupu, hakina hata mbegu moja. Alibaki amechuchumaa vile kwa muda, nikafikiri ni magoti yake yanamsumbua. Nikamsalimu, nikapita.

Siku chache baadaye Luhende alikuja ghafla na akaondoka siku ile ile, nikiwa shuleni. Niliporudi nikakuta kuku amechinjwa. Mama Luhende alinipakulia mwenyewe, akaniwekea firigisi. Anayejua nyumba za kwetu anajua firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Mwanamke hawekewi, na mkwe asiye na mtoto ndiyo kabisa. Nilidhani amekosea nikamrudishia. "Kula," akasema. "Nimekupa wewe." Tangu siku hiyo hakunikorogea tena unga wa mizizi kwenye uji, akaacha kunisikiliza bafuni, na shangazi Minza alipoanza maneno yake alikatishwa na kutumwa maji. Nikapata matumaini, mimi mjinga. Nilijiambia moyo wake umebadilika, atawaambia wazee waniongezee muda. Mpaka leo sijaweza kula firigisi.

Mvua zilianza, na wazee wakaja. Baba yangu alikaa sebuleni na kofia yake magotini, akiitikia kila kinachosemwa. Mimi niliitwa mara moja tu, nikaulizwa kama nina la kusema, nikamwangalia Luhende. Alikuwa anaangalia sakafu. Chumbani, nikiwa nafunga mizigo, nilimpigia magoti. Nilimwambia aseme neno moja tu mbele yao, neno lolote, kwamba tusubiri, kwamba ananitaka. Nilimwambia sihitaji mtoto, namhitaji yeye, na nilikuwa nasema kweli tupu. Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili. "Nenda, Kabula," akasema. "Utapata." Niliisikia hiyo kama tusi. Niliibeba hivyo, kama tusi, miaka yote hii, hata siku nilipomshika binti yangu mikononi kwa mara ya kwanza.

Nyahanga ya sasa ina nyumba za vigae na pikipiki kila kona, lakini jiko lile lipo, limepakwa chokaa. Wanaume walikuwa nje chini ya turubai, wanawake ndani kwenye mikeka. Mjane, Mama Kulwa, ndiye aliyenipokea, mwanamke mnene mwenye aibu, akanipeleka nyuma ninawe mikono. Vijana wawili wakubwa walikuwa wanapasua kuni, nikampa pole kwa watoto kubaki bila baba. "Hawa nilikuja nao," akasema. "Baba yao alifariki mapema. Mama mkwe ndiye aliyenifuata kwetu, akasema anataka mwanamke mwenye watoto tayari. Hapa hatukujaliwa wengine." Nilikuwa natikisa maji mikononi. Nikainua macho, nikauona mpapai. Haukuwa ule, ni mwingine, lakini ulisimama pale pale, mrefu, vikonyo vya maua vinaning'inia, na pembeni yake mitatu iliyojaa mapapai mpaka imeegemezwa miti. "Huu hamjaukata?" nikauliza. Mama Kulwa akatabasamu kidogo. "Nilitaka kuukata nilipokuja, mama akanishika mkono. Alisema huu ndio baba yao."

Nilirudi ndani nikakaa karibu na Mama Luhende. Alikuwa amepungua, amebaki mifupa na shuka, na masikio yalikuwa yamemwacha. Nilipomshika mkono alinitambua kabla sijasema. "Mwalimu," akasema. Nikamwamkia, akaitikia, akauacha mkono wake ndani ya wangu. Nikamwinamia sikioni. "Mama, habari ya mpapai uliijua lini?"

Hakujifanya hajaelewa. "Mwaka ule ule," akasema. "Yalipoanguka yale madogo nikapasua moja, nikakumbuka maneno yako. Nikamwita Luhende. Akasema alishakwenda kupimwa. Alilia hapo, kwenye kiti cha baba yake."

"Mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa shule. Uliporudi nikakupa firigisi."

Simu yangu ilianza kutetemeka mkobani. Nilijua ni binti yangu, anataka kujua kama nimefika salama. Sikuipokea.

"Mwanamke akijua mume wake yuko hivyo anaondoka," Mama Luhende aliendelea, polepole, "na akiondoka anasema. Nikaona uondoke bila kujua, wewe utapata wako huko, na mwanangu abaki na heshima yake. Kwani ungejua ungebaki?"

"Ningebaki," nikasema.

Hakusikia. Aliweka kiganja nyuma ya sikio, akanisogelea. Simu ilikuwa bado inatetemeka. Nikarudia, kwa sauti ya darasani, na wanawake wote pale mkekani wakanigeukia. Mama Luhende aliutoa mkono sikioni, akaurudisha mapajani, na hakuniuliza tena.